Pembe Nne za Skrini: Historia ya Mkono, Kipanya na Madirisha

Kuna mahali panne kwenye skrini ya kompyuta ambapo mkono hauwezi kukosea. Sukuma kipanya kwa nguvu kuelekea juu kushoto, hata ukiwa umefumba macho, na kishale kitafika kwenye kona na kutulia hapo. Hakina pa kwenda. Ukingo wa juu unakizuia, ukingo wa kushoto unakizuia. Sukuma tena kwa nguvu zaidi, bado kiko palepale.

Sifa hiyo ndogo imebeba historia ndefu. Leo wapo watu wanaotupa kishale kwenye kona moja na madirisha yote waliyofungua yakajipanga mbele yao. Wakikitupa kwenye kona nyingine, skrini inajifunga mpaka iandikwe nywila. Wapo wanaoburuta dirisha hadi ukingoni likajaza nusu ya skrini, na wapo wanaochora mstari mfupi kwa kipanya na ukurasa ukarudi nyuma. Lakini wapo pia, na ni wengi, waliokaa na kompyuta miaka ishirini bila kuambiwa kwamba pembe hizo zina kazi.

Pengo kati ya makundi hayo mawili lina umri sawa na kipanya chenyewe. Chanzo chake ni swali ambalo kila mbunifu wa kompyuta amelazimika kulijibu: mashine imhudumie nani kwanza, mgeni aliyeketi mbele yake leo, au mwenyeji aliyeizoea? Wahenga wetu walikwisha kulijibu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninaamini kwamba methali hiyo inaeleza historia ya pembe za skrini vizuri kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Waliofaulu walimkaribisha mgeni na wakamwekea jembe mahali atakapoliona. Walioshindwa ama hawakuwa na jembe la kumpa, ama walimkabidhi akiwa bado mlangoni.

Kipande cha mbao chenye mkia

Mwaka 1945, kijana fundi wa rada katika Jeshi la Wanamaji la Marekani aliingia katika maktaba ndogo ya Msalaba Mwekundu kisiwani Leyte, Ufilipino. Humo alisoma makala ya mwanasayansi Vannevar Bush kuhusu mashine ambayo ingemsaidia binadamu kuhifadhi na kuunganisha maarifa yake. Kijana huyo aliitwa Douglas Engelbart. Kazi ya rada ilikuwa imemzoesha kusoma alama zinazochorwa kwenye kioo. Makala ile ilimpa hamu ya kutaka kioo hicho kimtii mtu anayekitazama.

Katika miaka ya 1960, akiwa Stanford Research Institute huko Menlo Park, California, Engelbart na wenzake walitafuta njia bora ya kuonyesha mahali kwenye skrini. Walijaribu kalamu ya mwanga. Walijaribu vijiti vya kuongozea. Walijaribu hata kifaa kilichofungwa chini ya meza na kusukumwa kwa goti. Mwaka 1964 mhandisi Bill English aliunda kifaa walichokichagua mwishowe: kipande cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyokaa kwa kupishana, moja likipima mwendo wa kushoto na kulia, la pili mwendo wa mbele na nyuma. Juu yake palikuwa na kitufe kimoja, na waya ulitoka kama mkia. Dunia nzima ikakiita panya, nasi tukakipunguza kikawa kipanya.

Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya watu wapatao 1,000 mjini San Francisco, Engelbart alikionyesha kifaa hicho kikifanya kazi. Kwa dakika 90 alihariri maandishi, akaruka kutoka hati moja hadi nyingine, na akaongea kwa picha na mwenzake aliyekuwa Menlo Park. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kipanya. Wa kushoto ulikuwa kwenye kibodi ndogo ya vitufe vitano, vilivyobonyezwa kwa pamoja kama kinanda ili kutoa herufi.

Kibodi hiyo ya mkono wa kushoto ndiyo inayotuonyesha imani yake. Ilihitaji mazoezi. Mtu alipaswa kukariri ni vitufe gani vinatoa herufi gani. Wakosoaji walipomlaumu kwamba mfumo wake ni mgumu kujifunza, alijibu kwa mfano wa baiskeli: ya magurudumu matatu mtoto huipanda siku ileile, lakini hakuna anayesafiri mbali nayo. Engelbart alitaka binadamu akue pamoja na chombo chake, na kipanya cha kwanza kilizaliwa kikiwa jembe la mwenyeji.

Sahani mbili za chuma

Miaka kumi kabla ya kipande kile cha mbao, sheria ambayo ingeeleza thamani ya kona ilikwisha kuandikwa na mtu ambaye hakuwa akifikiria kompyuta hata kidogo. Paul Fitts alikuwa mwanasaikolojia aliyechunguza kwa nini marubani wa kivita walishika wenzo usio sahihi ndani ya ndege. Mwaka 1954, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, aliwaketisha watu mbele ya sahani mbili za chuma na kuwataka wazigonge kwa zamu kwa kijiti, haraka iwezekanavyo, bila kukosa. Kisha akabadilisha upana wa sahani na umbali kati yake.

Matokeo yalifuata mpangilio uliomshangaza kila aliyeusoma. Muda wa kufikia shabaha huamuliwa na uwiano kati ya umbali wake na upana wake. Ukiisogeza mbali mara mbili na ukaipanua mara mbili, ugumu unabaki uleule. Mwaka 1978, Stuart Card, Bill English na Betty Burr walikipima kipanya kwa kanuni hiyo wakaona kwamba mkono unaosukuma kipanya unakaribia kasi ya mkono unaogonga sahani kwa kijiti. Kwa maneno mengine, kifaa chenyewe hakikuwa kikimchelewesha mtu. Kilichobaki kumchelewesha ni mahali ambapo wabunifu waliweka vitufe vyao.

Hapo ndipo pembe zinapoingia. Kitufe kilicho katikati ya skrini kina upana wake tu, nawe ni lazima upunguze mwendo ili usikipite. Kitufe kilichogusa ukingo hakipitiki, kwa hiyo kwa upande mmoja ni kama kina upana usio na mwisho. Kilicho kwenye kona hakipitiki kwa pande mbili. Skrini ina pembe nne tu za namna hiyo, na hakuna mahali pengine penye thamani kama yake.

Madirisha yanapopandana

Ili pembe ziwe na kazi, palihitajika kwanza vurugu ya kutatua. Vurugu hiyo ni madirisha. Neno dirisha lilitufikia kutoka Kiajemi likiwa na maana ya mlango mdogo, na kwa kompyuta maana hiyo ya zamani inafaa sana, kwani kila dirisha ni mlango wa kazi tofauti.

Katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, kompyuta ya Alto ilianza kufanya kazi mwaka 1973. Skrini yake ilisimama wima kama karatasi, ikiwa na nukta 606 kwa 808. Nafasi ilikuwa finyu. Alan Kay na wenzake waliokuwa wakitengeneza lugha ya Smalltalk walitafuta jibu juu ya meza ya kawaida ya kazi: karatasi hupandana, na unayoitaka unaivuta ije juu. Dan Ingalls akaandika programu iliyohamisha vipande vya picha kwa kasi ya kutosha kuifanya ndoto hiyo itendeke.

Wazo hilo halikukubaliwa na wote. Kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981 ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu bila kupandana, kwa hofu kwamba mgeni angepotea. Windows 1.0 ya Novemba 1985 ilifanya vilevile, na madirisha yake hayakupandana mpaka toleo la 2.0 mwishoni mwa 1987. Lakini Apple Lisa ya 1983 na Macintosh ya Januari 1984 zilikumbatia mpandano. Bill Atkinson, aliyeandika programu ya kuchora ya Apple, aliitembelea PARC mwaka 1979 akaondoka akiamini ameona madirisha yakijichora upya hata yakiwa yamefunikwa nusu. Hayakuwa yakifanya hivyo. Kwa kuamini kwamba wenzake wameweza, alikesha mpaka naye akaweza.

Macintosh pia iliweka menyu zake zote juu kabisa, zikigusa ukingo wa skrini. Aliyetaka menyu alikirusha kishale juu bila kulenga sana, na ukingo ukakidaka. Mgeni alisoma maneno na kubofya. Mwenyeji alirusha mkono bila kutazama. Ukanda mmoja ukawafaa wote wawili, na sioni mfano bora zaidi katika muongo huo.

Mpandano ulileta shida mpya. Mwaka 1986, Stuart Card na Austin Henderson wa PARC waligundua kwamba watu walitumia muda mwingi kusogeza na kufukua madirisha, jinsi kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inavyohangaika kuhamisha data huku na huko. Wakapendekeza vyumba, kila kazi na chumba chake, na milango ya kupita kati yake. Wazo hilo liliingia katika mifumo ya Unix. Mwaka 1993 Robert Nation alitoa fvwm, programu ya kusimamia madirisha iliyomwezesha mtumiaji kusukuma kishale kwenye ukingo wa skrini na kujikuta kwenye eneokazi la jirani. Ukingo, ambao hadi hapo ulikuwa ukuta, ukawa kizingiti.

Kona ya kulala, mkono unaochora

Kona ilipata kazi yake ya kwanza iliyopendwa na umma kutokana na tatizo la vioo. Skrini za miaka ya 1980 zilikuwa na kemikali inayong'aa ikipigwa na miali, na picha iliyokaa palepale kwa siku nyingi iliunguza alama isiyofutika. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark, programu iliyojaza skrini iliyoachwa na michoro inayotembea, maarufu zaidi ikiwa vibaniko vya mkate vyenye mabawa. Mtumiaji angeweza kuteua kona moja ya kuilaza skrini papo hapo na kona nyingine ya kuikataza isilale kabisa. Alitupa kishale, akanyanyuka kwenda zake. Hapakuwa na kitufe cha kuona wala menyu ya kufungua.

Wakati huohuo, watafiti wengine walikuwa wakiuliza kama inawezekana kutohitaji shabaha kabisa. Don Hopkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walipanga menyu kwa mduara kukizunguka kishale, kila chaguo likiwa kwenye kipande chake kama vipande vya chungwa. Umbali wa kila chaguo ukawa mmoja, na kilichobaki ni mwelekeo tu. Majaribio yao, yaliyochapishwa mwaka 1988, yalionyesha menyu ya mduara ikiishinda ya orodha kwa takriban asilimia 15 ya muda.

Gordon Kurtenbach na Bill Buxton wa Chuo Kikuu cha Toronto wakaongeza hatua iliyobadilisha maana ya jambo lote. Katika menyu yao ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyebonyeza na kusubiri kidogo aliona mduara ukijitokeza, akasoma, akasogeza mkono kuelekea chaguo lake. Aliyekwisha kuzoea hakusubiri. Alichora mstari ule ule kwa haraka, na kompyuta ikatii bila kuonyesha menyu yoyote. Mgeni na mwenyeji walikuwa wakifanya mwendo mmoja. Kila mara mgeni alipochagua kwa kusoma, mkono wake ulikuwa ukifanyishwa mazoezi ya kesho. Hata hapakuwa na siku ya mtihani ambapo ilimlazimu kuacha njia ya zamani na kujifunza nyingine.

Kwangu mimi, hapo ndipo ugomvi wa Engelbart na wakosoaji wake ulipopata suluhu. Baiskeli ya magurudumu matatu inaweza kuwa ndiyo ileile ya magurudumu mawili, ikiwa fundi atatengeneza vizuri gurudumu la kuondoa.

Ishara za mkono zilifika kwa watu wa kawaida mwaka 2001, wakati kampuni ya Opera ya Norway ilipoziweka ndani ya kivinjari chake. Shikilia kitufe cha kulia cha kipanya, buruta kushoto, na ukurasa unarudi nyuma. Buruta chini kisha kulia, na dirisha linafungwa. Hakukuwa na haja ya kusafirisha kishale hadi popote, kwa sababu kila mahali kwenye ukurasa palikuwa pahali pa kuanzia. Ni Opera hiyohiyo ambayo wengi wa Afrika Mashariki waliijua baadaye kwa jina la Opera Mini, kwenye simu ndogo za vitufe ambazo hazikuwa na kishale cha kuchora chochote.

Muongo wa pembe

Oktoba 2003, Apple ilitoa toleo la Panther la Mac OS X likiwa na Exposé. Ulibonyeza kitufe, au ulitupa kishale kwenye kona uliyoichagua, na madirisha yote yakasinyaa na kutawanyika hadi kila moja likaonekana. Ulibofya unalolitaka, likarudi kwenye ukubwa wake. Tatizo ambalo Card na Henderson walilieleza miaka 17 kabla lilipata jibu la mwendo mmoja wa mkono. Baadaye Apple iliruhusu kona iambatanishwe na kitufe cha kibodi, ili aliyeigusa kwa bahati mbaya asishtukizwe.

Mwaka 2006, David Reveman wa Novell alileta Compiz, programu ya kusimamia madirisha, kwa watumiaji wa Linux, na kingo zote za skrini zikaweza kupangiwa kazi. KDE, eneokazi jingine la Linux, ikafuata, ikimpa mtumiaji pembe nne na pande nne azipange apendavyo. Oktoba 2009, Windows 7 ilimfundisha kila mtu ofisini kuburuta dirisha hadi ubavuni likajaza nusu ya skrini. Kwenye kona ya chini kulia, Microsoft ikaweka kitufe chembamba cha kuonyesha eneokazi. Safari hii kona halisi haikuachwa tupu kama zamani, maana kitufe cha Start cha Windows 95 kiliachwa na nukta chache kati yake na kona halisi, na aliyetupa kishale hadi mwisho kabisa alibofya pasipo na kitu. Zawadi ya Fitts ilikuwa imepotea kwa upana wa uzi.

Aprili 2011, mradi wa GNOME, unaotengeneza eneokazi la Linux, ulitoa toleo la 3. Kona ya juu kushoto ikawa lango kuu: iguse, na madirisha yote yanajitandaza pamoja na sehemu ya kutafutia programu. Wengi walilalamika wakati ule, kwani mazoea yao yalivunjwa. Lakini GNOME ilifanya jambo moja la busara. Penye kona ile iliandika neno linaloonekana na kubofyeka. Asiyejua siri alibofya neno. Aliyejua alitupa kishale. Mwezi huohuo Ubuntu, mfumo wenye jina la lugha za Kinguni lililo ndugu wa neno letu utu, ulihamia eneokazi lake jipya la Unity na kuweka kizinduzi cha programu ukingoni mwa kushoto.

Skrini mbili zilipozoeleka ofisini, kona zikapata adui. Ukingo wa kulia wa skrini ya kwanza ulipoungana na ukingo wa kushoto wa ya pili, ukuta ulitoweka na kishale kikavuka bila kusimama. Mwaka 2011 watengenezaji wa mfumo wa X, unaoonyesha madirisha kwenye Linux, waliongeza vizuizi visivyoonekana vinavyoweza kukisimamisha kishale mahali hapo. Kona ikarudishiwa kuta zake.

Jembe mlangoni

Kisha ikaja Windows 8, tarehe 26 Oktoba 2012. Microsoft ilitaka mfumo mmoja ufae kompyuta za meza na skrini za kuguswa. Kitufe cha Start, kilichokuwapo tangu 1995, kiliondolewa. Badala yake pembe zote nne zikapewa kazi: chini kushoto kwenda kwenye ukurasa wa Start, juu kushoto kubadili programu, na pembe mbili za kulia kuita ukanda wa vitufe vitano. Hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya kudumu kwenye skrini. Hata kuzima kompyuta kulipita humo: kona, kisha mipangilio, kisha kitufe cha umeme.

Kwa kanuni ya Fitts, pembe zile zilichaguliwa vizuri. Kwa kanuni ya wahenga, zilikuwa kosa kubwa. Mfumo uliwakabidhi watu jembe kabla hawajavua viatu, tena gizani. Mtu aliyefanya kazi na Windows kwa miaka 17 aliketi mbele ya skrini akawa mgeni upya, bila neno moja la kumwonyesha njia. Malalamiko yalikuwa makubwa. Oktoba 2013, Windows 8.1 ilirudisha kitufe cha Start kwenye kona yake, na Windows 10 ya 2015 ikaziondoa pembe za siri. Badala yake ilileta kilichoeleweka kwa macho: buruta dirisha hadi kwenye kona, kivuli kinaonekana kikionyesha litakapokaa, uliachie lijaze robo ya skrini. Mwaka 2024 Apple nayo iliingiza upangaji wa namna hiyo katika macOS.

Tofauti kati ya kona iliyokataliwa na kona iliyopendwa ni kile kivuli. Kabla mkono haujaachia, jicho limekwisha kuambiwa.

Siku ya tatu

Mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoongea Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa tafsiri ya Windows. Wataalamu wetu waliketi wakachagua maneno: dirisha, faili, kubofya, kuburuta. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu ishara isiyo na jina haifundishiki. Menyu hujieleza yenyewe kwa maandishi yake. Kona haina maandishi. Inahitaji mtu wa kusema, "Tupa kishale hapa uone," na mtu huyo anahitaji lugha ambayo mwenzake anaielewa bila kukunja uso. Mafunzo mengi ya kompyuta tuliyonayo huishia siku ya pili. Mwanafunzi anaonyeshwa jinsi ya kufungua, kuandika, kuhifadhi na kuzima, kisha anaachwa abofye taratibu maisha yake yote.

Vijana wetu tayari wanayajua haya kwa vidole. Simu zao hurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni, na hakuna aliyewapa kitabu. Walimwona mwenzao akifanya, wakafanya. Tangu zamani jembe hupokezanwa hivyo, mkononi, shambani, mmoja akimtazama mwingine.

Douglas Engelbart alifariki tarehe 2 Julai 2013 akiwa na umri wa miaka 88, miezi michache kabla ya kitufe cha Start kurudi kwenye kona yake. Alikuwa ameishi kuona kipanya chake kikishikwa na dunia nzima. Kibodi yake ya mkono wa kushoto ilibaki katika makumbusho. Watu walichukua nusu iliyokuwa rahisi, wakaiacha iliyohitaji mazoezi, kwa kuwa hakuna aliyekaa nao siku ya tatu. Kona za skrini yako bado zinaweza kuwa na bahati nzuri kuliko hiyo. Fungua mipangilio, chagua kona moja tu, ipe kazi moja, itumie wiki nzima. Mkono ukishaizoea, mwite anayeketi jirani nawe, umwonyeshe.